Vitu Vyetu Nyumbani kwa Bibi Kabula

Leo Jumatano. Jua lilitoka asubuhi likajificha kabla ya saa nne, na tangu hapo ziwa lina rangi ya bati kuukuu. Mvua inanukia lakini hainyeshi. Naandika kwa simu nikiwa nimekaa kizingitini, saa kumi na moja jioni, kwa sababu ndani kwangu sipapendi siku hizi.

Mtaa umenyamaza. Anayeijua Kirumba atanibishia, maana huku kwetu kimya hakijawahi kupata nafasi. Redio ya huyu inashindana na ya yule, televisheni ya chini inajibizana na ya juu, na ukitaka kulala mchana unajifunga kitambaa masikioni. Sasa wiki ya tatu hakuna hata kimoja. Namsikia jirani akikoroga chai. Nasikia kikohozi cha nyumba ya nne. Nimegundua kwamba mama wa nyuma yangu huongea peke yake akiosha vyombo, na anaongea kwa upole kuliko anavyoongea na sisi.

Wanangu bado wanakaa mkekani kila jioni wakitazama ukuta. Pale ilipokuwa televisheni pamebaki mraba mweupe, maana rangi ya pembeni imeingia moshi. Wanautazama huo mraba. Jana mdogo alimwambia mwenzake asogee, anamkinga.

Ndiyo maana nakaa nje.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, asije mtu akasoma hapa akadhani nimerukwa na akili. Mwenyekiti wa mtaa alipita na kipaza sauti akitangaza kwamba wanakuja watu wa kuorodhesha kaya zisizo na uwezo. Kaya itakayoonekana haina uwezo, serikali itailipia bima ya afya. Yenye uwezo itajilipia yenyewe. Hadi hapo ni jambo jema na nilipiga makofi. Kisha ikaja habari ya jinsi watakavyotupima. Huku nani ana karatasi ya mshahara? Muuza dagaa, msusi, fundi baiskeli, ukimuuliza kipato chake akutajie kipi, cha jana au cha leo? Kwa hiyo wataingia ndani, tukaambiwa, waangalie wenyewe. Paa, sakafu, choo, na vitu ulivyonavyo.

Vitu ulivyonavyo. Hapo ndipo shetani alipopata pa kukaa.

Mimi ninachapa barua za watu kwenye duka la steshenari karibu na uwanja wa mpira. Nina watoto watatu, na baba yao yuko machimboni, hutuma salamu kuliko anavyotuma hela. Je, mimi ni maskini? Nimejiuliza mwezi mzima. Hatulali njaa. Lakini nikiumwa siku nne mfululizo, siku ya tano tunalala njaa. Umaskini wangu umekaa nje ya mlango unanisubiri, haujaingia, na fomu yao haina kisanduku cha mtu wa namna hiyo. Nilijua nikikutwa na friji na televisheni nitaandikwa mwenye uwezo, na nikishakuwa mwenye uwezo nitadaiwa uwezo huo nisionao. Hayo ni maelezo tu. Sijitetei.

Dada yangu Sabina, nyumba ya chini yangu, ndiye aliyetoa wazo.

"Tupeleke kwa Bibi Kabula," alisema, kama mtu anayesema tukateke maji.

Bibi Kabula anakaa juu kabisa, kule ambako njia inaisha unabaki kukanyaga majabali. Nyumba yake imeegemea jiwe, na ukuta wa nyuma wa chumba chake ni jiwe lenyewe. Alikuwa akiuza karanga za kukaanga hadi mguu ulipomgomea. Ana sukari, anajichoma sindano kila siku, na kidonda cha mguuni hakijafunga tangu kiangazi. Mume na watoto wamemtangulia wote. Nesi wa zahanati alishamwambia mguu ule unatakiwa hospitali kubwa mwezi huu, na kwamba ukichelewa utakatwa. Bibi anasubiri kadi ya bima tu. Hana kingine cha kusubiri.

Ukiuliza mtu yeyote mtaani kwetu nani maskini, atanyoosha kidole kule juu. Na hesabu yetu ilikuwa hiyohiyo. Bibi ataandikwa bila kuulizwa. Nani atajichosha kupanda majabali yote yale kwenda kuhakikisha kwamba Bibi Kabula ni maskini? Tuliona nyumba yake ndiyo pekee ambayo haitakaguliwa.

Tulipandisha vitu Jumapili, saa za ibada, Mwenyekiti akiwa kanisani. Friji langu lilibebwa na wanaume wanne. Televisheni tano, makochi ya Sabina, cherehani ya fundi, magodoro mapya, friji jingine la muuza juisi. Bibi alikaa mlangoni na mguu wake kwenye kigoda akitupisha. Hakuuliza kwa nini. Alituambia tuweke tu, akasema, "Kitu cha mtu nikikitunza, wajukuu zangu, hata mwenyewe simwambii kiko wapi." Tukacheka, tukamshukuru, tukashuka. Sabina alimwachia sukari robo kilo, tukakumbuka tukiwa katikati ya mteremko kwamba sukari haitumii. Hapo tulicheka zaidi, na leo nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Binti aliyekuja na kishikwambi hakuwa wa hapa. Nyumbani kwangu alisimama sebuleni, akatazama ule mraba mweupe ukutani, akanitazama mimi, akaandika. Mwenyekiti alikuwa akimwongoza nyumba kwa nyumba, lakini magoti yake hayapandi milima tena. Walipofika kwenye majabali yeye alibaki chini kivulini. Binti alikuwa ameagizwa kila nyumba. Akapanda peke yake.

Nilikuja kujua wiki iliyopita, alipoleta orodha dukani tuichape. Alikuwa mchangamfu. Akanisimulia huku mashine ikipata moto.

"Dada, huko kwenu juu kuna bibi tajiri. Televisheni sita, friji mbili. Nilimuuliza mara tatu, ni vyako? Akasema ni vyangu. Nikapiga na picha."

Nilisema eeh. Ndilo neno lililotoka. Nikafungua faili, nikaliona jina langu, la Sabina, la fundi cherehani, la muuza juisi, zote kaya zisizo na uwezo. Kwa Bibi Kabula palikuwa na maneno mawili: ina uwezo. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuchapa. Ningeweza kusema lolote pale, tulikuwa wawili tu na mlango ulikuwa wazi. Nilimuuliza anataka nakala ngapi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha friji hawakumsema, labda kwa kuwa hawakuwahi kukutana na watu kama sisi.

Jana ulikuwa mkutano wa mtaa, uwanja wa shule. Majina ya wasio na uwezo yalisomwa moja moja, na kila jina likisomwa watu wanatazama chini. Jina la Bibi lilipokosekana nilitegemea mtu atashangaa. Hakuna. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi, akauliza mara ya pili. Watu mia na kitu tumekaa kwenye nyasi na mawe, na unaweza kusikia bendera ikijipiga kwenye mlingoti. Wote tulikuwa tunajua. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Sabina alinishika mkono akaubana, nami nikamwacha aubane.

Sikusimama. Naliandika hapa ili nisije siku moja nikajidanganya kwamba nilisimama.

Leo mchana nilifunga duka nikapanda kwa Bibi. Sijui nilichokuwa nakifuata. Nilibisha hodi, nikasikia anaongea ndani, nikadhani ana mgeni. Nikasubiri amalize. Aliongea, akanyamaza kama anayesikiliza, akacheka kidogo, akaongea tena. Nilipoingia alikuwa peke yake kitandani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pita huku, usiwasumbue."

Televisheni zilikuwa zimepangwa kwenye ule ukuta wa jiwe, na kila moja ameifunika khanga. Sita, zimejipanga mbele ya kitanda. Nyumba haina umeme, dirisha ni dogo, na kwa mwanga ule ungeapa ni wanawake sita wamekaa msibani. Nilisimama pale mlangoni mguu mmoja nje.

Nilimuuliza kwa nini amezifunika. Akaniambia bila haraka kwamba mwanzoni aliziacha wazi, lakini asubuhi akiamka anamwona mtu katika kila moja, na wote wanamtazama yeye. Najua ni yeye mwenyewe alikuwa anajiona kwenye kioo cheusi. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akasema mwanzoni ni kweli alikuwa yeye. Sasa anawaamkia tu, na akiwaamkia wanatulia. Aliwataja. Huyu wa Sabina hapendi mwanga. Huyu wa kwako analia na watoto.

"Wageni wangu hawali," alisema. "Nawakaribisha, hawali."

Tano nazijua, niliona zikipandishwa. Ile ya sita, kubwa kuliko zote, sikuijua ni ya nani. Nilimuuliza. Bibi akasema hiyo haikuja na sisi, alishtukia tu ipo. Sikutaka kuendelea na habari hizo. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikitazama mlango, maana nilipowapa mgongo wale sita nilihisi ubaridi shingoni, na nilipowageukia nilihisi vibaya zaidi.

Kidonda kinanuka sasa. Macho yake yamezama, midomo imekauka, anaomba maji kila mara. Nilimuuliza kama anachoma sindano. Akasema kila siku, hakosi, dawa zipo kwenye friji.

"Friji gani, Bibi?"

"Lako. Si la baridi?"

Nilienda nikalifungua. Lilinipulizia joto usoni, la kitu kilichofungwa wiki tatu. Kwenye rafu ya katikati kulikuwa na vichupa vyake viwili vya dawa, amevifunga vizuri kwenye leso. Niliwahi kuona nesi akimfundisha: asiye na friji anaweka dawa kwenye mtungi wenye mchanga uliolowana, kivulini, na inakaa. Bibi amekaa na mtungi wake miaka, na dawa haijawahi kumharibikia. Nikamuuliza mtungi uko wapi.

"Mliutoa nje, mjukuu wangu. Mkaweka makochi."

Hakunilaumu. Alikuwa ananijulisha tu, kama unavyomwonyesha mtu njia. Niliufuata nyuma ya nyumba, umekaa pasipo kivuli, mchanga umekuwa mkavu kama chumvi. Nikakumbuka mikono ya nani iliutoa. Sabina alishika makochi. Mtungi niliubeba mimi, na nilifurahi kwamba si mzito.

Nimelia, nakiri. Nililia kule nyuma ya nyumba, nimelishika lile jiwe. Kisha nikaurudisha mtungi ndani, nikaulowesha, nikashuka kununua dawa mpya kwa hela ya kodi ya mwezi, nikapanda tena. Nikamwomba. Nilipiga magoti, Mungu anajua. Nilimwambia, Bibi, ukiulizwa tena sema ukweli, sema ni vitu vyetu, upate kadi, uende hospitali.

Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Mlinipa nitunze," alisema. "Hamkunipa niseme."

Nilishuka hadi dukani nikachapa barua. Nimechapa barua za watu miaka saba, za kuomba kazi, za talaka, za viwanja, na hii ndiyo ya kwanza kuwa yangu. Niliandika kwamba mimi napinga jina langu mwenyewe, kwamba friji moja na televisheni moja vilivyo nyumbani kwa Bibi Kabula ni vyangu, kwamba niliviweka pale ili nionekane sina. Nikaweka sahihi, nikaipeleka nyumbani kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma tena akiwa amekaa. Akaniambia kwanza kwamba nimejitoa kwenye orodha bure, maana nikiondoa changu Bibi anabaki na televisheni tano na friji, bado tajiri. Nikamwambia nitawataja na wengine. Akaenda kufunga mlango.

"Taja unaowajua," alisema. "Ile kubwa usiiguse. Na usiulize."

Nilimtazama yeye, nikatazama ukutani nyuma yake. Palikuwa na mraba mweupe, mpana kuliko wa kwangu. Miaka yote anatuambia magoti yake hayapandi milima.

Hakuniogopesha sana, ukweli usemwe. Alikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu huwa anaongea kweli. Akanieleza kwamba barua yangu ataipokea kwa sababu ni lazima aipokee, na kesho saa nne binti wa kishikwambi anarudi kuhakiki pingamizi zote. Vitu visisogezwe, ana picha zake. Lakini barua ni neno la mtu wa pembeni. Atakayeulizwa ni mwenye nyumba, mbele ya majirani, na jibu lake ndilo litaandikwa. Baada ya hapo orodha inapanda wilayani, na kufunguliwa tena si leo wala mwaka huu.

Akagonga muhuri. Sauti ya ule muhuri ilikuwa kubwa sana.

Sabina amejua tayari. Sijui nani kamwambia, huku hakuna redio ila habari zinafika. Alikuja hapa kizingitini saa moja iliyopita, akasimama, hakukaa. Aliniuliza kama nimesahau kwamba Kulwa wake anaongezewa damu kila baada ya muda, na kwamba kadi ile kwake si mchezo. Sikusahau. Nimembeba Kulwa mgongoni kwenda hospitali si mara moja. Nilimwambia kwamba kaya yake iende ikajieleze, ana mtoto mgonjwa, huo ni ukweli na ukweli huo una uzito kuliko makochi. Akasema mimi ni mjinga, kwamba ukweli wa maskini hauandikwi, kinachoandikwa ni kile wanachokiona. Akaenda. Labda amesema kweli. Sina hakika na lolote leo isipokuwa joto lile lililotoka kwenye friji langu.

Nimefikiria njia nyingine zote. Nimefikiria kuongea na binti pembeni, lakini ataniambia arudi kwa mwenye nyumba. Nimefikiria kumwomba Bibi tena, lakini bibi yule alikuwa akijaza kipimo cha karanga hadi zinamwagika, na deni la mtu hakuwahi kulitaja mbele ya mtu. Hawezi kuanza kesho. Atakaa kitandani na mguu wake, nyuma yake jiwe, mbele yake wale sita na khanga zao. Majirani watajaa mlangoni kila mmoja akikwepa kukitazama kitu chake. Ataulizwa, vitu hivi ni vya nani? Na Bibi Kabula, ambaye maisha yangu yote sijawahi kumsikia akisema uongo, atasema ni vyangu, kwa ajili yetu, kwa sauti iliyotulia, hadi mguu ukatwe.

Kwa hiyo nitapanda mapema niwahi kusimama karibu na kitanda. Nitamwamkia shikamoo, na nitasubiri aitikie marahaba. Kisha nitamwita mwongo mbele ya watu wote.